WENGI WAPE, LAKINI WAPE NINI?

Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi na wanachama katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani



Nimeombwa niseme machache juu ya mdahalo, kwa kuwa chama chenu cha mdahalo kinajiandikia katiba mpya. Nimeelezwa kwamba mnabishana juu ya mambo matatu: nani achague mada, viongozi wapatikane vipi, na kanuni zibadilishwe na wanachama wangapi. Ubishi huo ni dalili njema. Chama cha mdahalo ambacho wanachama wake wote wanaitikia kila kitu, mimi kingenitia shaka.

Wahenga walisema, wengi wape. Methali hiyo kila mmoja hapa anaijua, na nimeambiwa kwamba katika mikutano yenu imetajwa mara nyingi. Mimi nina swali moja tu: wape nini? Kuna vitu ambavyo wengi wana haki ya kupewa, na kuna vitu ambavyo hata wakiwa wengi namna gani si vyao. Nitalieleza jambo hili kwa mifano ya vyama vya wanachuo ambavyo vimepiga kura kwa miaka mingi, vikakosea na vikajifunza.

Nianze na mada. Mjini Oxford, Uingereza, wanachuo wana chama cha mdahalo kiitwacho Oxford Union, kilichoanzishwa mwaka 1823. Pale Rais wa chama ndiye anayepanga orodha ya hoja za muhula wake. Wanachama hawapigi kura kuchagua hoja. Wanapiga kura baada ya kuisikiliza. Mazungumzo yakiisha, wanaoafiki hutokea mlango mmoja na wanaopinga mlango mwingine, nao wahesabu kura husimama mlangoni wakiwahesabu.

Marekani mambo ni kinyume. Kuna chama cha vyuo kiitwacho CEDA, kilichoanza mwaka 1971. Huko vyuo wanachama ndivyo vinavyochagua mada kwa kura. Kwanza watu huandika mapendekezo marefu, kila mmoja akieleza kwa nini jambo lake linafaa kujadiliwa. Vyuo hupiga kura kuchagua jambo moja. Kisha kamati hukaa na kuandika sentensi kadhaa za mada juu ya jambo hilo, maana neno moja likipinda, upande mmoja huonewa mwaka mzima. Hatimaye vyuo hupiga kura tena kuchagua sentensi moja, na hiyo ndiyo hujadiliwa mwaka mzima wa masomo. Lakini mshindi wa kila mdahalo huamuliwa na mwamuzi, si kwa kura za wasikilizaji.

Na kuna njia ya tatu. Katika mashindano ya dunia ya vyuo vikuu, yaliyoanza mwaka 1981 na ambayo Gaborone, Botswana, iliyapokea mwaka 2011, mada huandaliwa na waamuzi wakuu na kufichwa. Wasemaji huijua dakika 15 tu kabla ya kuanza.

Njia zote tatu zinafanya kazi. Kwa hiyo msigombane kana kwamba moja ni ya haki na nyingine ni za dhuluma. Jambo moja tu ndilo la lazima: mada ikishachaguliwa kwa njia mliyokubaliana, isiondolewe kwa sababu mtu mmoja mkubwa, au kundi moja kubwa, limechukizwa nayo.

Mfano wake huu hapa. Katika mwaka wa masomo wa 1954–55, mada ya taifa ya vyuo vya Marekani ilikuwa kwamba nchi yao iitambue kidiplomasia serikali ya kikomunisti ya China. Kumbukeni hali ya wakati ule. Vita vya Korea vilikuwa vimesimama mwaka 1953 tu, na ndani yake majeshi ya Marekani na ya China yalikuwa yameuana. Chuo cha jeshi cha West Point na kile cha wanamaji cha Annapolis viliwakataza wanafunzi wao kuijadili mada hiyo. Na West Point ndiko yalikokuwa yakifanyika mashindano ya taifa ya mdahalo tangu mwaka 1947! Hata hivyo mada haikubadilishwa. Vyuo vingine viliendelea nayo, na katika mdahalo wa namna hiyo kijana hutetea upande mmoja leo na upande wa pili kesho. Miaka ilipita. Mwaka 1972 Rais Nixon alikwenda China, na tarehe 1 Januari 1979 Marekani iliitambua serikali ile rasmi. Sisemi kwamba walioafiki mwaka 1954 ndio waliokuwa na haki. Nasema kwamba vijana waliokuwa wamelazimika kuutetea kila upande hawakushtushwa na habari hizo.

Sasa nije kwenye viongozi. Oxford Union huchagua Rais, Mkutubi, Mhazini na Katibu kila muhula, kwa kura ya siri. Rais huchaguliwa muhula mmoja kabla, ili apate nafasi ya kujiandaa. Muda wao ni mfupi, na faida yake ni kwamba wengi hupata kujifunza uongozi, na aliyeshindwa hangoji miaka kabla ya kujaribu tena. Kwa muda mrefu kanuni zao zilimkataza mgombea kupita vyumbani akiomba kura. Alitakiwa apimwe kwa maneno yake ukumbini. Bila shaka wapo waliopita kwa siri, na malalamiko hayakukosekana. Ndiyo maana chama kina msimamizi wa uchaguzi na baraza la kusikiliza malalamiko. Hapa kuna funzo kwenu: anayegombea asiwe ndiye anayehesabu kura, na anayelalamika awe na mahali pa kupeleka neno lake mbali na kulinong'ona bwenini.

La tatu ni kanuni zenyewe, na hapa ndipo penye uzito. Hadi mwaka 1963 wanawake hawakuweza kuwa wanachama kamili wa Oxford Union. Hoja ya kuwaingiza ilikuwa imeletwa kabla ya hapo ikashindwa. Lakini kanuni hazikusema kwamba hoja iliyoshindwa imezikwa. Ililetwa tena, na mwaka 1963 ikapita, kwa kura za wanaume waliokuwa ndani. Mwaka 1968 mwanamke wa kwanza, Geraldine Jones, alikuwa Rais wa chama. Mwaka 1977 Rais alikuwa Benazir Bhutto, ambaye mwaka 1988 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Pakistan. Kama walio wengi wa zamani wangeruhusiwa kuufunga mlango milele, hakuna lolote katika hayo lingetokea.

Na mfano wa mwisho, ambao kwangu ndio mkubwa kupita yote. Tarehe 9 Februari 1933 chama hichohicho kilipitisha hoja kwamba wanachama wake hawatapigana kwa hali yoyote kwa ajili ya Mfalme na nchi yao. Kura zilikuwa 275 kwa 153. Uingereza nzima ilichemka. Magazeti yaliwalaani, na wakaletewa manyoya meupe, ambayo kwa Waingereza ni alama ya woga. Wiki chache baadaye Randolph Churchill, mtoto wa Winston Churchill, alikuja na wenzake wakitaka ukurasa wa azimio lile uondolewe katika kitabu cha kumbukumbu. Wanachama walipiga kura. Waliokataa kuuondoa walikuwa 750. Waliotaka uondolewe walikuwa 138.

Hebu zitazameni hesabu hizo. Walioafiki hoja ya kwanza walikuwa 275 tu, lakini waliolinda kumbukumbu zake walikuwa 750. Maana yake ni kwamba mamia ya watu ambao hawakuipigia hoja ile kura walikuja kusema: azimio hili si langu, lakini ndivyo tulivyoamua usiku ule, na hakuna atakayelifuta. Vita vilipokuja mwaka 1939, vijana wengi wa Oxford walikwenda vitani. Waliopiga kelele kwamba chama kile kimeoza hawakuelewa kilichokuwa kikilindwa.

Basi, wengi wape nini? Wapeni uamuzi wa siku ile. Wapeni viongozi wa muhula ule. Wapeni mada waliyoichagua. Lakini msiwape kitabu cha kumbukumbu, kwa maana hicho ni cha wote, pamoja na wanafunzi ambao bado hawajafika hapa. Msiwape uwezo wa kubadili kanuni katikati ya mchezo. Andikeni kwamba badiliko la katiba litangazwe mapema na lipite kwa theluthi mbili. Na msiwape uwezo wa kuwafungia walioshindwa mlango wa kuja tena na hoja yao.

Nanyi mtakaoshindwa, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kukubali kushindwa si kunyamaza. Ni kubaki ndani ya chama, kuzisoma kanuni kuliko waliokushinda, na muhula ujao kusimama tena na kuomba nafasi ya kusema.

Walimu wetu, nanyi nawaomba neno moja. Mlezi wa chama ana haki ya kuwashauri vijana kabla ya kura. Baada ya kura, mwacheni kijana asimame atetee hata lile asiloliamini, na ajibiwe na mwenzake. Hapo ndipo anapojifunza kwamba anayempinga si adui yake.