Kauli ya tawi kuhusu vijana watatu wa chuo na ziara ya mgombea urais



Haya ni maneno yaliyosomwa kwenye kikao cha tawi jana. Tunayatuma yote hapa kwa sababu wengi hamkuweza kufika, na tangu Jumamosi yamezunguka mengi kwenye magrupu ambayo si kweli. Hakuna aliyefukuzwa chuo. Hakuna aliyelala mahabusu.

Lililotokea ni hili. Siku mgombea urais wa chama kingine alipopita hapa kwetu, chuo kilisimamisha vipindi kuanzia saa 4 asubuhi. Wanachuo waliambiwa watoke wakajipange barabarani kumpokea, na majina yaliitwa langoni. Jioni iliyotangulia lilikuwa limebandikwa tangazo: marufuku fulana ya chama, marufuku bango, marufuku kuweka siasa kwenye status. Asubuhi yake fulana na kofia za mgeni ziligawiwa hapo hapo langoni, na hatujasikia hata mmoja aliyeambiwa avue.

Vijana watatu, wawili wa kiume na binti mmoja, walisimama kwenye mstari kama wenzao. Hawakuvaa chochote chetu. Walishika kipande cha boksi kilichoandikwa maneno mawili: "Boom lini?" Kwa wazee wetu wasioijua lugha hiyo, boom ni fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo wa mwanafunzi. Yao imechelewa, na wapo wanaokula mara moja kwa siku. Boksi lilinyang'anywa kabla msafara haujafika. Mgombea mwenyewe hakuliona. Jumatatu wakapewa barua za kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, Alhamisi saa 3 asubuhi, kwa kosa la kufanya siasa chuoni.

Sasa tuseme kweli, na tuanze na letu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, kifungu cha 12, inakataza chama kuweka tawi au ofisi mahali pa kazi, shuleni au chuoni. Inatuhusu na sisi. Miezi michache iliyopita vijana wetu waligawa kadi na kuchagua viongozi wa "tawi la chuo" ndani ya kantini, na sisi viongozi tulijua tukanyamaza kwa sababu idadi ya wanachama ilitupendeza. Lilikuwa kosa. Leo linawaumiza watu ambao hata hawakuwepo siku ile, maana chuo kinasema kimeshachoka na siasa za kantini. Kikao kimeamua orodha ile ifutwe, na kila kijana ahamie kwenye tawi la mtaa anakoishi.

Lakini kifungu hicho hakimfungi mwanafunzi mdomo.  Mtu wa miaka 18 anapiga kura kwa Ibara ya 5 ya Katiba, na Ibara ya 18 inampa uhuru wa kuwa na maoni na kuyatoa. Haikusema isipokuwa akiwa mwanachuo. Ibara ya 20 inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama. Kuitwa jina langoni ukampokee mgombea si kupewa kadi, tunakubali, ila ni jirani yake kabisa. Na kama kusimama barabarani na boksi ni siasa, basi kusimamisha vipindi ili watu wakapunge mikono tukuiteje?

Mzee wetu mmoja alisema kikaoni kwamba enzi zao wanafunzi walikuwa na adabu. Kwa heshima yake tulimkumbusha Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu alikasirika, akawafukuza karibu 400. Lakini malalamiko yao yaligusa pia mishahara ya wakubwa, na hapo hapo Mwalimu akajipunguzia wake kwa asilimia 20. Mzee alicheka, akasema kumbe alikuwa anaikumbuka nusu.

Turudi kwa watatu wetu. Tunasema wetu kwa mazoea tu, maana ni mmoja peke yake mwenye kadi yetu. Baba wa binti ni mwanachama wa siku nyingi wa chama kile kile cha mgombea. Alikuja ofisini Jumanne jioni, akakaa kwenye benchi muda mrefu kabla hajasema. Alichoomba ni kimoja: Alhamisi tusiende langoni na bendera. Alisema, "Mwanangu aliuliza hela ya chakula. Mkienda na bendera atakuwa ameuliza kwa niaba yenu."

Baadhi ya vijana walipinga vikali, wakasema huu ndio wakati wa kuonyesha nguvu, na kwamba picha za lango lililojaa zingetusaidia kwenye kampeni. Zingetusaidia sisi, ndiyo. Wale watatu zingewapeleka pabaya, kwa sababu kesi nzima inasimama juu ya madai kwamba boksi lile lilikuwa la chama. Kikao kimekubaliana na baba huyo.

Kwa hiyo Alhamisi hakuna bendera, hakuna fulana, hakuna nyimbo. Wazazi watatu wataingia na watoto wao, na mwanasheria anayetusaidia amekubali kuwapa ushauri bila malipo. Wataomba kile ambacho Ibara ya 13 inampa kila mtu: kusikilizwa kikamilifu kabla ya uamuzi, na nafasi ya kukata rufani. Pia wataomba lile tangazo la ukutani liwekwe mezani, lisomwe mbele ya wote pamoja na habari ya fulana za langoni.

Mama wa kijana mmoja anatoka mbali na hana nauli. Mwenye chochote ampelekee mweka hazina kesho kabla ya saa 10 jioni. Waliopiga picha za boksi wasiziweke mtandaoni. Sura za watoto zinaonekana. Na aliyesambaza barua yenye majina kwenye grupu la mtaa aifute usiku huu.

Kitakachoamuliwa tutakituma hapa hapa Alhamisi jioni.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.