Rama wa Jumapili na Rama wa Kiganjani



Januari 1987, televisheni ya taifa ya India ilianza kuonyesha kila Jumapili asubuhi tamthilia ya Ramayan, kisa cha mungu Rama, iliyoongozwa na Ramanand Sagar. Seti zilikuwa chache, hivyo mwenye nayo alikuwa mwenyeji wa mtaa mzima. Watu walioga kwanza, wakavua viatu mlangoni, wakaivisha seti shada la maua na kuifukizia udi. Barabara zikawa tupu.

Wapo waliocheka wakisema huo ni ushamba. Walikosea. Kwa Mhindu, kumtazama mungu na kutazamwa naye ni ibada, nayo huitwa darshan. Kituo chenyewe kinaitwa Doordarshan, yaani kuona kwa mbali. Sisi tuliokulia Pwani, tuliolia mbele ya sinema za Kihindi bila kujua hata neno moja la lugha yao, tusiwe wepesi wa kucheka.

Kasoro ilikuwa kwingine. Ramayana ni hadithi nyingi. Msomi A. K. Ramanujan aliiandikia insha inayotaja Ramayana mia tatu: ipo ya Kitamil, zipo za nyimbo za wanawake, ipo ya Wajaini ambamo anayemuua adui yao Ravana ni Lakshmana, mdogo wake Rama, wala si Rama mwenyewe. Kituo kimoja cha taifa kilipoingiza toleo moja katika kila sebule, hizo nyingine zilifunikwa na kivuli.

Mwaka 1988, tamthilia ilipokaribia kwisha, wafagiaji wa jamii ya Valmiki huko kaskazini waligoma. Taka zikarundikana mijini. Hawakudai mshahara, walidai sehemu ya mwisho ya hadithi, ile ambamo Sita, mke wa Rama aliyefukuzwa, anapokewa na mtawa Valmiki na kujifungulia kwake mapacha. Wao humhesabu Valmiki kuwa mzee wao. Serikali ikakubali, na sehemu hiyo ikatengenezwa. Sijui mgomo mwingine uliopiganiwa kwa ajili ya sura ya kitabu.

Kisha ikaja simu. Kampuni ya simu ya Jio ilipoingia sokoni mwaka 2016, bei ya intaneti iliporomoka, na mtu wa kijijini akapata kiwambo chake mwenyewe. Mwaka huohuo kitukuu mmoja huko Andhra Pradesh alianza kumrekodi kwa video za mtandaoni bibi yake, Mastanamma, aliyesemekana kupita miaka 100. Alichuchumaa shambani, akapika kwa kuni, akaongea Kitelugu chake; kuku alimwivisha ndani ya tikitimaji. Hakuna mkurugenzi wa televisheni aliyempa kibali. Alifariki mwaka 2018, akiwa ametazamwa na mamilioni.

Kwa hiyo nasema hivi: televisheni iliwakusanya watu ikawapunguzia hadithi, simu imewarudishia hadithi ikawatawanya. Mamlaka ya kuchagua toleo nayo hayajafutika. Yamehamia kwa kanuni za kompyuta ambazo mtazamaji hazioni, wala wafagiaji hawana pa kuzigomea.

Machi 2020, India ilipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, Doordarshan iliirudisha Ramayan ileile ya Sagar. Taifa likaketi tena kutazama kwa wakati mmoja. Safari hii amri ilimkataza jirani kubisha hodi.