Kuvaa Kofia Mbili: Tunajifunza Nini kwa Deval Patrick?



Tumeombwa tuzungumzie uadilifu wa wale wanaokabidhiwa mali ya wengi. Mahubiri juu ya jambo hili mmesikia mengi. Leo tumeona tutazame safari ya mtu mmoja, Deval Patrick wa Marekani, kwa kuwa amepita kote: uwakili, serikali na makampuni makubwa.

Alizaliwa Chicago mwaka 1956, akalelewa na mama katika umaskini. Ufadhili wa masomo ulimwezesha kusoma sekondari nzuri, kisha akafika Chuo Kikuu cha Harvard alikosomea pia sheria. Wafadhili wetu, ada ya mtoto mmoja si kitu kidogo! Akiwa wakili alitetea haki za watu weusi mahakamani. Mwaka 1994 Rais Clinton alimkabidhi idara ya haki za raia katika Wizara ya Sheria. Mwaka 1996, makanisa mengi ya weusi yalipochomwa moto, alikuwa miongoni mwa viongozi wa kikosi kazi kilichochunguza uhalifu huo.

Mwaka huohuo kampuni ya mafuta ya Texaco ilikubali kulipa dola milioni 176 ili kumaliza kesi ya wafanyakazi weusi waliolalamikia ubaguzi. Mwaka 1997 Patrick, akiwa ametoka serikalini, aliwekwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya kusimamia mageuzi ndani ya kampuni hiyo. Mwaka 1999 Texaco ikamwajiri kuwa mwanasheria wake mkuu. Mwaka 2001 alihamia Coca-Cola kwa kazi kama hiyo.

Je, ni vibaya msimamizi kuajiriwa na aliyekuwa akimsimamia? Hatusemi hivyo. Aliye ndani ya nyumba huweza kuziba nyufa ambazo wa nje hazioni. Lakini watu wana haki ya kuuliza, naye ana wajibu wa kujibu.

Jaribu kubwa lilikuja baadaye. Patrick alikuwa amekaa kwenye bodi ya kampuni mama ya Ameriquest, wakopeshaji wa fedha za nyumba, ambao mwaka 2006 walikubali kulipa dola milioni 325 kutokana na malalamiko ya wakopaji. Januari 2007 aliapishwa kuwa gavana wa Massachusetts, mweusi wa kwanza katika jimbo hilo. Mwezi uliofuata alimpigia simu kiongozi mmoja wa Citigroup kuisemea kampuni hiyo, iliyokuwa ikitafuta fedha. Alieleza kwamba alipiga kama mjumbe wa zamani wa bodi, si kama gavana. Wananchi hawakuona tofauti, naye akakiri kuwa hakupaswa kupiga. Wapiga kura walimrudisha madarakani mwaka 2010.

Njia mbili zilimshinda fisi. Kwetu pia, mjumbe wa kamati ya ujenzi anaweza kuwa ndiye mwenye duka la saruji. Tusimfukuze, maana ujuzi wake tunauhitaji. Bali tunaomba kila kamati ifanye mambo matatu: mjumbe atangaze maslahi yake kabla ya mjadala, atoke nje bei inapojadiliwa, na yote mawili yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Sadaka ya mjane haina sauti kikaoni. Sisi ndio sauti yake.

Mungu awabariki.