Kibali cha Bunduki si Ruhusa ya Kelele: Uwanja wa Shabaha na Haki za Jirani Nchini Kenya

Mada kwa semina ya maafisa wa mazingira wa kaunti na viongozi wa vyama vya wakazi



1. Utangulizi

Mzozo wa uwanja wa shabaha na majirani wake huwa na mkondo unaojulikana. Mkazi aliyechoshwa na milio ya bunduki ya kila wikendi huenda kwa chifu, kisha kituo cha polisi. Maafisa huenda uwanjani, wakakuta leseni ziko sawa, silaha zimesajiliwa na mkufunzi yupo. Mkazi huambiwa kwamba watu wale wako kihalali, na faili hufungwa.

Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa bunduki, ila mkazi alikuwa amelalamikia kelele. Hoja yangu leo ni kwamba sheria ya silaha na sheria ya kelele ni sheria mbili zenye ofisi mbili, na kuwa safi mbele ya moja hakumsafishi mtu mbele ya nyingine. Malalamiko mengi hufia njiani kwa sababu hupelekwa mlango usio wake.

2. Sheria ya Silaha inafika wapi

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahusika na nani anamiliki bunduki, ya aina gani, anaitunza vipi na anaitumia wapi. Marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014 yaliunda Bodi ya Leseni za Silaha. Bodi hiyo huthibitisha iwapo mwombaji anafaa, hutoa na kufuta leseni, husajili wamiliki na wafanyabiashara wa silaha, na vilevile husajili, husimamia na hudhibiti viwanja vya shabaha.

Lengo la usimamizi huo ni usalama. Mkaguzi hutaka kujua risasi inakomea wapi, nani anaingia na silaha, na nani ana amri ya kusimamisha ufyatuaji. Hayo ni mambo makubwa, lakini hakuna hata moja linalotaja kina mama wanaobembeleza watoto wachanga upande wa pili wa ua.

Katiba ya 2010 yenyewe imeyatenganisha. Katika Jedwali la Nne, polisi na ulinzi wa taifa ni kazi ya serikali kuu. Udhibiti wa uchafuzi wa hewa, wa kelele na wa kero nyingine za umma umewekwa katika kazi za kaunti, pamoja na mipango ya matumizi ya ardhi. Kwa hiyo afisa wa kaunti anayemwambia mkazi kwamba "mambo ya bunduki ni ya Nairobi" anajivua jukumu ambalo Katiba imemvika.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo ni la polisi papo hapo. Risasi ikivuka tuta na kuangukia shambani au paani, hiyo ni hatari ya uhai. Risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na ya bunduki kubwa huenda mbali zaidi. Aliyeiona asiiokote. Aipige picha ilipo, apige ripoti siku hiyohiyo na aombe nambari ya kitabu cha matukio cha polisi (OB). Malalamiko ya namna hii yasichanganywe katika barua moja na ya kelele, maana moja litamezwa na lingine.

3. Mlio wa bunduki si kama kelele nyingine

Disko huunguruma usiku kucha na mashine ya kusaga huvuma mchana kutwa. Mlio wa bunduki hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, ukapanda ghafla na kuzimika. Karibu na sikio la mpigaji kilele chake hupita desibeli 140, na ndiyo sababu hakuna mpigaji makini anayesimama pale bila kuziba masikio. Sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapozidi maradufu, lakini ikianza juu kiasi hicho huwa na safari ndefu kabla ya kupotea.

Anayesikiliza vizuri kutoka mbali atagundua kwamba bunduki ya kasi hutoa sauti mbili. Kwanza husikika mchapo mkali, kama kiboko kinachopasua hewa, kisha mshindo mzito. Mshindo hutoka kwenye mtutu. Mchapo hutoka kwa risasi yenyewe inapokwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 340 hivi kwa sekunde, na huifuata risasi njia nzima hadi inapogonga tuta.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayetafuta suluhisho. Kibanda kilichofunikwa kwa vifaa vya kunyonya sauti hupunguza mshindo wa mtutu, lakini hakiugusi mchapo wa risasi iliyokwisha kutoka. Tuta lililo nyuma ya shabaha huzuia risasi, lakini halimsaidii sana jirani aliye ubavuni. Huyo anahitaji tuta au ukuta wa pembeni, ulio karibu na mpigaji na mrefu kumzidi.

Hali ya hewa nayo ina mkono wake. Asubuhi yenye baridi, hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, sauti hupindishwa kurudi ardhini na kusikika mbali kuliko saa sita mchana. Afisa anayefika adhuhuri kupima kelele iliyolalamikiwa ya saa moja asubuhi atapima kitu kingine kabisa.

4. Kanuni za mwaka 2009 na mtego wa wastani

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ya kupita kiasi, Tangazo la Kisheria nambari 61 la mwaka 2009, zilitungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Zinaweka kiwango cha juu cha desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 usiku. Mchana huo ni kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, yaani saa 14, na kipimo ni wastani wa nishati ya sauti katika muda huo wote.

Hapo pana mtego. Tuchukue risasi 100 zinazofyatuliwa asubuhi moja, kila moja ikifika kwenye baraza la jirani na nishati ya desibeli 70 kwa kipimo cha tukio moja. Ukizijumlisha na kuzitandaza juu ya saa 14, unapata wastani wa desibeli 43 hivi. Kwenye karatasi uwanja uko chini ya kiwango, ilhali jirani ameshtuka mara 100.

Uingereza ilikutana na tatizo hilihili katika ufyatuaji wa shabaha za udongo zinazorushwa hewani. Mwongozo wa maafisa wa afya ya mazingira wa mwaka 2003 uliacha wastani wa siku nzima. Unachukua milio 25 iliyo mikali zaidi katika nusu saa na kutafuta wastani wake. Chini ya desibeli 55 uwezekano wa kero ni mdogo. Zaidi ya 65 kero ni jambo la kutarajiwa. Mwongozo huo hautufungi, lakini njia yake inafaa kuigwa na kaunti yoyote yenye kipimasauti na mtu anayejua kukitumia.

Kanuni zetu zenyewe hazikuishia kwenye tarakimu. Kanuni ya 3 inakataza kelele kubwa, isiyo ya lazima au isiyo ya kawaida inayosumbua starehe, mapumziko, afya au usalama wa wengine. Ili kuamua, huangaliwa saa ya tukio, ukaribu wa makazi, iwapo kelele inajirudiarudia, ukali wake, na iwapo mhusika angeweza kuidhibiti bila gharama au taabu kupita kiasi. Vigezo hivyo vinaukaa mlio wa bunduki kuliko wastani wa saa 14, na afisa anayeandika ripoti kwa vigezo hivyo huwa na kesi imara zaidi.

5. Mahakama na sheria ya kero

Mlio wa bunduki ni mkongwe katika sheria ya kero. Mwaka 1707, katika kesi ya Keeble na Hickeringill kutoka Essex, mlalamikaji alikuwa na bwawa la kunasia bata, na jirani akawa anafyatua bunduki makusudi ili bata watoroke. Mlalamikaji alishinda. Mwaka 1936, katika Hollywood Silver Fox Farm dhidi ya Emmett, mfugaji wa mbweha huko Kent aligombana na jirani, na jirani akamwagiza mwanawe afyatue bunduki mpakani msimu wa kuzaliana, wakati ambapo mbweha jike akishtushwa anaweza hata kula watoto wake. Utetezi ulikuwa kwamba alifyatua kwenye ardhi yake mwenyewe. Mahakama iliukataa na kutoa zuio. Mfugaji wa kuku ambaye kuku wake hurundikana kwa hofu na kukanyagana hadi kufa anayo ya kujifunza hapo.

Sheria ya kawaida ya Kiingereza iliingia kwetu kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaitambua hivyo. Hukumu za baadaye hazitufungi, bali huwa na uzito wa ushawishi. Mojawapo ni Coventry dhidi ya Lawrence ya mwaka 2014, iliyohusu uwanja wa mbio za pikipiki huko Suffolk. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba kibali cha mipango hakihalalishi kero chenyewe, na kwamba "uwanja ulikuwapo kabla yako" si utetezi. Iliongeza tahadhari: mlalamikaji aliyebadilisha matumizi ya ardhi yake, kwa mfano kwa kujenga palipokuwa wazi, anaweza kukutana na utetezi huo. Kwetu, ambako mashamba ya kahawa yanakatwa kuwa ploti kila mwaka, tahadhari hiyo itazua kesi nyingi.

Marekani ilichagua njia nyingine. Vitongoji vilipovifikia viwanja vya zamani vya mashambani, majimbo karibu yote yalitunga sheria za kuvikinga. Ya Michigan ni ya mwaka 1989. Kwa jumla, uwanja uliotii kanuni za kelele za wakati wa kuanza kwake haushtakiwi kwa kero ya kelele. Kenya haina kinga ya namna hiyo. Badala yake, Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia.

6. Mapendekezo

Kwanza, kaunti ziweke masharti ya kelele katika kibali cha matumizi ya ardhi cha kila uwanja wa shabaha: siku na saa za kufyatua, aina za silaha, na matuta ya pembeni. Bodi nayo ione masharti hayo kabla ya kusajili uwanja.

Pili, wakazi waweke daftari. Ingizo zuri husomeka hivi: "Jumamosi, saa 1:10 asubuhi, milio 40 kwa dakika 10, hakuna upepo, nilikuwa chumbani, madirisha yamefungwa." Wiki sita za maingizo kama hayo kutoka nyumba tano zina nguvu kuliko barua moja yenye sahihi 200.

Tatu, wahusika wazungumze kabla ya kushtakiana. Mwenye uwanja anayetangaza ratiba yake mapema, akaacha Jumapili asubuhi na kuhamishia bunduki kubwa saa za mchana, huondoa sehemu kubwa ya malalamiko kwa gharama ndogo. Makubaliano yaandikwe na nakala ipelekwe kaunti.

Nne, mazungumzo yakishindikana, malalamiko yaende kaunti na mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mwombaji aombe kwanza saa zipunguzwe na matuta yajengwe. Ombi la kufunga uwanja lije mwisho, kwa kuwa mahakama hutoa kwa urahisi zaidi kile kinachotekelezeka.

7. Hoja za mjadala

a) Je, kaunti yako ina ramani ya viwanja vya shabaha vilivyosajiliwa, na nani anaidhinisha ploti mpya zinazopakana navyo?

b) Je, tupendekeze kipimo maalumu cha milio ya ghafla katika kanuni za 2009, au Kanuni ya 3 inatosha ikitumiwa ipasavyo?

c) Uwanja uliotangulia makazi ubebe gharama yote ya tuta, au mwendelezaji anayeuza ploti jirani achangie?