Kompyuta Bubu Ipewe Sauti
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Matai)



Wenzangu waliotangulia wamesema juu ya madawati, maji na paa la bwalo, na wamesema vema. Mimi nimepewa dakika chache niseme juu ya kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono, yaani kadi ya sauti ya kompyuta. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya muziki na ya vijana. Nawaombeni subira, maana sitasema juu ya muziki.

Kwanza tuelewe kazi ya kadi hiyo. Kompyuta haijui sauti. Inajua hesabu tu. Kazi yangu serikalini ni upimaji wa ardhi, kwa hiyo nitatumia mfano wa kazini. Tukitaka kuchora mteremko unaoshuka kutoka uwanda wa Ufipa mpaka bonde la Ziwa Rukwa, hatubebi mlima kuuleta ofisini. Tunapima kimo hapa, tunasogea, tunapima tena, na kila kimo tunakiandika kwa tarakimu. Tukirudi tunaunganisha nukta, na mlima unaonekana katika karatasi. Sauti nayo hupimwa vivyo hivyo. Katika sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huwekwa katika moja ya ngazi 65,536. Kadi ya sauti ndiyo mchoraji: huzipokea tarakimu hizo, huzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, na umeme huo husukuma spika mpaka hewa itikisike na sikio lisikie.

Kompyuta za mezani za zamani hazikuwa na mchoraji huyo. Ile ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na kispika cha kutoa mlio tu. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Kanada ilitoa kadi ya muziki, na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo, ilitoa Sound Blaster, ambayo iliweza pia kutoa sauti ya binadamu. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 watengenezaji walianza kuiweka sauti ndani ya ubao mkuu wenyewe, ule ambao mafundi huuita madabodi. Ndiyo sababu wengi wetu hatujapata kuiona kadi hiyo kwa macho. Sisi Watanzania tulichelewa zaidi. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta kutoka nje ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenigusa. Baba yangu mdogo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na baadhi yenu aliwafundisha kusoma. Presha ya macho imemwondolea nuru yote. Pamoja na hayo, wanakikundi wa kuweka na kukopa pale kijijini hawakukubali aache uenyekiti, kwa sababu wanamwamini. Katibu huandika taarifa za mikutano kwa kompyuta, humletea mzee katika flashi, na mtu wa nyumbani humsomea. Kisha mzee hutia sahihi.

Ndugu zangu, mtu anayesomewa hasomi. Msomaji ndiye anayeamua asome lipi na aruke lipi, kwa haraka, kwa uvivu au kwa maslahi yake. Mzee aliniambia: "Mwanangu, naweka sahihi katika giza. Siku moja sahihi hiyo itanifunga." Alikuwa ameazimia kujiuzulu.

Dawa ipo, na haina bei. Ni programu iitwayo NVDA, iliyoanzwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, kisha akaungana na mwenzake James Teh, na wote wawili hawaoni. Programu hiyo husoma kwa sauti maandishi yaliyo katika kioo cha kompyuta, na Kiswahili kimo. Sauti yake ni kavu kama ya debe, lakini inaeleweka. Nilikuwa na kompyuta ya mezani nyumbani, nikaiweka programu hiyo ndani yake. Ikawa kimya. Radi za masika zilikuwa zimepita katika nyaya, na sehemu ya sauti ya ubao mkuu ilikuwa imekufa, ingawa mengine yote yalikuwa mazima. Fundi mmoja alinishauri ninunue kompyuta nyingine. Nikaona kumtupa ng'ombe mzima kwa sababu ya pembe iliyovunjika si busara, nikaagiza kadi.

Kazi yenyewe ni hii, na mwenye bisibisi anaweza kuifanya.

Kabla ya kununua, fungua kifuniko uangalie nafasi zilizo wazi katika ubao. Nafasi za aina ya PCI ni za zamani; za PCI Express ni za siku hizi, na iliyo fupi kabisa yatosha kwa kadi ya sauti. Kadi ya aina moja haiingii katika nafasi ya aina nyingine. Kama kasha la kompyuta ni jembamba, tafuta kadi yenye bamba fupi la nyuma. Pia uipate mapema programu ya kuiendesha kadi, ile iitwayo draiva, hasa ukikaa mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha.

Siku ya kazi, zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa kadi. Kipupwe chetu cha Ufipa ni kikavu; ukivua sweta la sufu utasikia cheche, na cheche hiyo yatosha kuua kadi mpya. Ondoa bamba dogo la nyuma, shika kadi kwa kingo zake, isimamishe juu ya nafasi yake, na ikandamize sawasawa pande zote mbili mpaka ikae. Usitumie nguvu ya kupasua kuni. Funga skrubu, kisha rudisha kifuniko.

Ukiwasha, ingia katika mipangilio ya mwanzo ya kompyuta uizime ile sauti ya zamani, weka draiva, kisha chagua kadi mpya kuwa njia ya sauti. Tundu la kijani ni la spika au hedifoni, la waridi ni la maikrofoni. Kazi hizi za mwanzo zahitaji mtu anayeona, kwa kuwa kompyuta bado ni bubu.

Mtaniuliza kwa nini sikununua kile kifaa kidogo cha sauti kinachochomekwa katika tundu la USB. Nacho ni kizuri na rahisi zaidi, na kwa kompyuta za mkononi ndicho kinachofaa. Lakini mzee hupapasa ili aone, na kitu kinachoning'inia hung'oka. Kadi imefungwa kwa skrubu, haing'oki.

Wiki iliyofuata katibu alileta taarifa. Mzee akavaa hedifoni, akaisikiliza peke yake mara mbili. Mkopo mmoja ambao katika mkutano ulitajwa kuwa shilingi 300,000 ulikuwa umeandikwa 800,000. Katibu alipoulizwa alisema ni kosa la kidole, na huenda ni kweli, akasahihisha palepale. Mzee akatia sahihi, na habari za kujiuzulu hazikusikika tena.

Ndugu Mwenyekiti, chama chetu kinakusudia kuiletea shule kompyuta zilizotumika. Naomba mambo mawili. La kwanza, kila kompyuta ipimwe sauti kabla ya kupokewa, na iliyo bubu itiwe kadi au kifaa cha USB. Mimi najitolea kufanya kazi hiyo bila malipo. La pili, kila moja iwekwe programu ya kusoma kwa sauti, pamoja na hedifoni yake. Akiletwa hapa mtoto asiyeona, asiambiwe arudi nyumbani kwa sababu hatukujiandaa. Na asipoletwa mtoto, tutakuja sisi wenyewe, maana macho yetu nayo yanazeeka.