Utepe wa Mahameli na Sheria ya Forodha

(Hotuba ya karani wa wakala wa forodha, iliyosomwa barazani mbele ya machifu, waalimu na wenyeji.)

Nimeombwa niseme habari ya utepe wa mahameli uagizwao kutoka nchi za ng'ambo. Huenda mtu akacheka moyoni na kusema, "Je, utepe nao ni jambo la kuketisha watu barazani?" Naam, ni jambo, na sababu yake nitawaeleza.

Kina mama wa kwaya moja ya mashambani walichanga fedha zao, wakaagiza tepe za mahameli za kupamba kanzu za sikukuu. Hati ya mwuzaji ilisema "utepe" tu. Nami nikalinakili neno hilo katika hati ya forodha bila kuuliza zaidi. Mkaguzi alipoufungua mzigo, akapapasa kingo zake, akasema, "Huu si utepe." Mzigo ukazuiliwa mpaka barua zikaenda na kurudi, malipo ya ghala yakaongezeka kila siku, na sikukuu ikapita. Kosa lilikuwa langu, lakini waliolipa ni wao. Tangu siku ile nimejifunza ya kwamba jina la dukani silo jina la forodhani.

Basi sikilizeni. Forodha za dunia hutumia orodha moja ya bidhaa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, ambayo sasa hutunzwa na Shirika la Forodha Duniani, mjini Brussels. Nchi za Afrika Mashariki zilipoanza umoja wao wa forodha mwaka 2005 zilijenga viwango vyao vya ushuru juu ya orodha hiyo. Ndani yake, fungu 58.06 ni la vitambaa vilivyofumwa vyenye upana mdogo, nao utepe wa mahameli una nafasi yake humo, 5806.10, uwe wa hariri, wa pamba au wa nyuzi za viwandani.

Lakini sheria yaeleza utepe ni nini. Kwanza, upana wake usizidi sentimeta 30. Waalimu, hiyo ndiyo rula ya mwanafunzi. Kipimo hiki mwaweza kukifundisha darasani. Pili, uwe na kingo pande zote mbili za kuzuia nyuzi zisifumuke, ama zimefumwa pamoja na kitambaa, ama zimetiwa gundi, ama zimefanywa kwa njia nyingine. Utepe waweza hata kukatwa katika kitambaa kipana, mradi uwe na kingo hizo. Mkato mtupu wa mkasi hautoshi.

Mzigo wa wale kina mama ulikuwa mahameli mapana yaliyokatwa vipande bila kingo. Vipande hivyo hurudi kwa mama yao, fungu 58.01, penye mahameli ya kawaida. Na huko hapana budi kutaja uzi: ni sufu, pamba, au uzi wa kiwandani? Hati yetu ilikuwa kimya. Tena, kama mahameli hayakufumwa kwa mtande na mshindio, bali yalisukwa kwa vitanzi kama fulana, basi hayamo kabisa katika sura ya 58. Yatafutwe katika sura ya 60.

Asiwepo mtu wa kusema, "Nitaandika jina lolote lenye ushuru mdogo." Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yahesabu maelezo ya uongo kuwa kosa, na mwenye kutiwa hatiani aweza kutozwa faini au kufungwa. Wala viwango vya ushuru havidumu. Hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ulizeni cha mwaka huo huo.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mwulizeni mwuzaji maneno manne, naye ayaandike katika hati yake: upana ni sentimeta ngapi? Kingo ni za namna gani? Kimefumwa au kimesukwa? Uzi ni wa nini? Tena aombwe kipande cha mfano, mkipapase kwa vidole vyenu. Mkiwa bado na shaka, ombeni uamuzi wa forodha kwa maandishi kabla mali haijaja. Haki hiyo imo katika mapatano ya Shirika la Biashara Duniani yaliyoanza kutumika tarehe 22 Februari 2017.

Mabwana Machifu, nawasihi myasome maneno haya katika mabaraza yenu, maana fedha ya kuchangwa ni jasho la wengi. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na kina mama wale waliimba siku ya sikukuu kwa kanzu zisizo na pambo.

Wasalaam.