Foleni ya Malaba na Mradi wa Mwanafunzi



Mada nyingi za miradi ya programu ambazo wanafunzi wa mwaka wa mwisho huniletea huanza na chombo: huyu anataka kutumia GPU, yule amesikia habari za MPI. Swali lenyewe hutafutwa baadaye, na mara nyingi halipatikani. Nawaomba, wanafunzi, muanze na malori.

Barabara ipitayo hapa Alupe inaunganisha Busia na Malaba, milango miwili ambayo shehena ya Mombasa hupitia kuingia Uganda na kuendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Chini ya utaratibu wake, lori linalotoka Kenya hukamilisha shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja, upande wa Uganda. Hata hivyo foleni hazikuisha, na mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, malori yalipangana kwa kilomita nyingi.

Hisabati ya foleni ni ya zamani; Agner Krarup Erlang aliiwekea msingi mwaka 1909 kule Copenhagen, akichunguza simu. Chukueni lango moja linaloweza kuhudumia malori 20 kwa saa. Ikiwa malori hufika kinasibu, na muda wa ukaguzi nao ni wa kinasibu kwa mgawanyo wa kipeo, basi yakifika 18 kwa saa kutakuwa na wastani wa malori 9 kituoni, kila moja likikaa nusu saa. Yakifika 19, yatakuwepo 19, na kila moja litakaa saa nzima. Limeongezeka lori moja tu kwa saa, na muda umekuwa maradufu!

Mradi uanzie hapo kwa sababu pana jibu la kulinganisha. Mwanafunzi aandike kwanza programu ya kiini kimoja cha kichakataji, aiendeshe kwa muda mrefu, atupe saa za mwanzo ambapo foleni bado ilikuwa tupu. Matokeo yasipokaribia 9 na 19, kuna hitilafu, na asiende mbele. Baadaye aongeze malango matatu, malori ya mafuta yenye ukaguzi mrefu, mtandao unaokatika adhuhuri. Huko fomula nyepesi haipo tena, na uigaji ndio njia.

Siku moja ya foleni ni ngumu kuigawa, maana kwenye lango moja lori la kumi hulisubiri la tisa. Lakini siku elfu kumi zisizotegemeana hugawanyika vizuri: kila kiini kipewe siku zake. Na hapa pana mtego ninaouogopa kuliko mingine yote. Nambari nasibu za tarakilishi huzaliwa kutokana na mbegu. Viini vinne vikianza na mbegu ileile, vitaiga siku zilezile mara nne. Programu itakwenda kasi, grafu zitapendeza, na kosa la wastani litakadiriwa kuwa nusu ya lilivyo kweli, ilhali robo tatu ya kazi ni marudio matupu. Maktaba ya NumPy, tangu toleo la 1.17 la mwaka 2019, ina njia ya kuzalisha mikondo tofauti kutoka mbegu moja. Mwanafunzi aitumie, kisha aandike jaribio la kuonyesha kwamba mikondo yake haifanani.

Kuhusu kasi, Gene Amdahl alikwisha kutuonya mwaka 1967. Asilimia 10 ya kazi isipogawanyika, viini vinne vitaiharakisha mara 3.1 hivi, na hata viini elfu moja havitafikisha mara 10. Kipakatalishi cha kawaida kinatosha. Ninachodai ni muda upimwe kwa kiini kimoja, viwili na vinne, na ielezwe uliobaki umepotelea wapi: kwenye kusoma faili, kukusanya matokeo, au kiini kimoja kuvingoja vingine.

Nyakati za malori kufika zihesabiwe kwa idhini ya wasimamizi wa kituo, bila kuandika nambari za magari wala majina ya madereva. Programu ikikamilika, wapelekewe mawakala wa forodha na madereva, waulizwe ni nini kinachowakawiza ambacho hakimo ndani yake. Majibu yao yaingie kwenye sura ya mwisho ya ripoti, hata yakiivunja modeli.